Subutu na Mtoto Wake Mmoja

Sogeeni karibu, walio nyuma nao wasikie. Hadithi hii ina mlango wa kuingilia, lakini wa kutokea hauna. Huo mtauchonga nyinyi wenyewe, kila mtu kwa shoka lake.

Katika milima ya Upare, upande ule ambao tangawizi huota hadi ukingoni mwa njia, walikuwako watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Mzee Mchome, na kipaji chake kilikuwa masikioni. Alikuwa saisi, mtunza farasi, katika shamba la mkonge huko chini tambarare. Angelaza sikio ubavuni mwa mnyama, akafumba macho, akakwambia mnyama ataumwa nini kesho kutwa.

Wa pili alikuwa Kallaghe, na kipaji chake kilikuwa miguuni. Ujana wake wote aliswaga ng'ombe za watu kutoka mnada hadi mnada, na njia aliyoipita mara moja miguu yake haikuisahau tena. Watu walisema ukimwamsha usingizini na kumuuliza njia ya Moshi, atasimama na kuanza kutembea kabla hajafumbua macho.

Wa tatu alikuwa Nakiete, na kipaji chake kilikuwa kukaa. Msicheke. Mguu wake wa kushoto ulinyauka kwa maradhi akiwa mtoto mdogo, na mtu asiyeweza kukimbia hujifunza mambo ambayo wakimbiaji hawayajui. Nakiete aliweza kukaa kimya karibu na kuku mwoga, au mtoto aliyenuna, au mtu mwenye msiba, akakaa tu, hadi yule aliyekuwa akiogopa akachoka kuogopa.

Na wa nne hakuwa mtu.

Wa nne alikuwa farasi jike wa kimo kifupi, wale ambao mameneja wa mashamba makubwa walikuwa wakiwafuga ili watoto wao wapande. Mama yake alikufa siku ya kumzaa. Mzee Mchome alimlea kwa maziwa ya mbuzi, akimnywesha kwa chupa ya soda, na alipomaliza kumlea, meneja alifungasha virago vyake akaondoka nchini, akamwachia mzee mnyama huyo kama zawadi. Mzee alifurahi siku moja. Siku ya pili alikumbuka kwamba tambarare ina joto na mbung'o na homa, na farasi wote waliowahi kuzikwa kule aliwazika yeye.

Basi akafanya kama watu wa tambarare na watu wa mlimani wanavyofanya tangu zamani na ng'ombe wao. Akampandisha mnyama mlimani kwenye baridi na majani, akamwekesha kwa mtu. Mila hiyo kila mtu anaijua: mwenye mnyama hubaki mwenye mnyama, na anayelisha hunywa maziwa na kuchukua samadi, na wanapozaliwa ndama hugawana kwa zamu. Akamchagua Nakiete, kwa kuwa alikuwa na kipande cha malisho nyuma ya nyumba, na kwa kuwa mzee alimwona siku moja akimtuliza mbuzi aliyekuwa akizaa.

"Lakini farasi hakamuliwi, baba," alisema Nakiete. "Sasa mimi nitakunywa nini?"

"Utapanda, mwanangu."

Nakiete alikuwa na miaka thelathini na miwili, na shamba la tangawizi aliloachiwa na mama yake lilikuwa juu ya mlima, mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye miguu miwili. Tangu utotoni hakuwahi kufika huko ila kwa kubebwa mgongoni kama furushi, na tangu mama afariki hakuwa na wa kumbeba. Shamba lilikuwa limeota magugu. Alimtazama yule mnyama, na mnyama akamtazama yeye, kisha akanyoosha shingo na kumvua kilemba.

Majirani walicheka sana. "Jamani, Nakiete kapewa punda aliyechana nywele!" Mwingine akapiga makofi: "Ati atampanda hadi juu? Subutu!"

Basi Nakiete akampa farasi jina hilo hilo, Subutu. Na kwa kuwa mnyama lazima aitwe kila asubuhi, na aitwe kwa sauti, jirani yule alipata jibu lake kila siku alfajiri kwa miaka kumi na mmoja.

*

Sasa mtamjua Subutu alivyokuwa, maana bila kumjua yeye hukumu yenu itakuwa ya watu wasiojua wanachohukumu.

Alibeba vikapu vinne vya tangawizi, viwili huku na viwili huku. Ukipakia cha tano, hakupiga teke wala hakuuma. Alilala chini polepole, kama bibi anayeketi mkekani, akafumba macho. Ukiondoa cha tano, alisimama. Watu walijaribu kumdanganya kwa kupunguza kidogo kidogo katika kila kikapu ili vitimie vitano, na bado alilala. Nakiete alisema Subutu haangalii uzito, anaangalia ustaarabu.

Ukimfunga mkanda wa tumbo, alivuta pumzi akajaza tumbo kama ngoma. Ukishafunga, alipumua, na mkanda ukalegea, na mzigo ukaning'inia pembeni. Nakiete alijifunza kufunga, kisha kukaa akipiga soga na yeye mpaka asahau kujibana, kisha kukaza upya.

Aliijua zamu ya maji. Kule mlimani kuna bwawa la kijiji, Wapare huliita ndiva, ambalo hujaa usiku na kufunguliwa asubuhi, na maji hushuka kwa mfereji hadi kwenye shamba la mwenye zamu. Zamu ya Nakiete ilikuwa kila siku ya tano. Siku nne Subutu alikaa zizini akitafuna majani. Siku ya tano alifungua komeo kwa midomo yake, akashuka mwenyewe hadi kwenye mfereji mkavu, akasimama humo akingoja maji yaje yampoze kwato. Hakuna aliyemfundisha. Hakukosea hata siku moja, na Nakiete, ambaye wakati mwingine alichanganya siku, alimtazama farasi kwanza ndipo akachukua jembe.

Na kuna jambo la kuchechemea. Mwaka wa pili, Subutu alianza kuchechemea. Watu wakasema mnyama anamwigiza bibi yake, na wengine walicheka, na wengine waliona vibaya. Nakiete akampelekea habari Mzee Mchome, naye akapanda mlima.

"Leo anachechemea mguu gani?"

"Wa kushoto, baba."

"Na jana?"

Nakiete akafikiri. "Jana wa kulia."

Mzee akalaza sikio ubavuni mwa farasi, akanyanyuka akitabasamu. "Huyu hana ugonjwa. Huyu anatafuta likizo."

Watu walimcheka Subutu siku hiyo. Lakini Nakiete alilifikiria jambo hilo muda mrefu. Aliona kwamba mnyama hakuwa akimdhihaki. Alikuwa ameitazama nyumba ile kwa makini, akagundua kwamba ndani yake anayechechemea haharakishwi, na akaona ni sheria nzuri.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Shamba la juu lilisafishwa, tangawizi ikastawi, na Nakiete akawa mtu anayeonekana sokoni, harusini na mazishini, akija kwa kimo cha kuwatazama watu kutoka juu.

*

Lakini miaka haina breki. Mwaka wa kumi na mmoja Subutu alianza kupumzika mara mbili kwenye mwinuko aliokuwa akiupanda bila kusimama. Nakiete hakumwambia mtu. Usoni alikuwa mcheshi kama kawaida, lakini moyoni alikuwa akihesabu. Farasi akizeeka, alijiambia, miguu yangu inanyauka mara ya pili.

Ni Kallaghe aliyeleta habari. Alikuwa ametoka upande wa pili wa Kilimanjaro, na huko, katika shamba la ngano, aliona farasi dume mfupi, mweusi, mwenye kichwa kizuri.

"Dada Nakiete, nikimpeleka Subutu kule, anarudi na mzigo usiohitaji mkanda."

Waliitana wote watatu jikoni kwa Nakiete, Mzee Mchome akiwa amepanda kutoka tambarare, wakala makande, wakaelewana kwa mila ile ile ya ng'ombe. Mtoto wa kwanza wa Mchome, mwenye mnyama. Wa pili wa Nakiete, aliyelisha. Wa tatu wa Kallaghe, aliyemtafutia mume. Wakapeana mikono. Kila mmoja aliona ni haki, na ilikuwa haki. Kosa lilikuwa moja tu: walihesabu kama watu wa ng'ombe. Ng'ombe huzaa leo na mwakani na mwaka wa kesho kutwa. Hakuna aliyeuliza farasi wa miaka kumi na mitano amebakiza watoto wangapi tumboni.

Kallaghe akampeleka. Siku sita kwenda, siku sita kurudi, kwa miguu yake, akimpitisha Subutu penye maji na kivuli, akilala karibu naye porini. Mara tatu Subutu alijaribu kuchechemea. Mara tatu Kallaghe naye alianza kuchechemea mbele yake, hadi farasi akaona aibu, au akachoka na ule utani.

Wakarudi, wakangoja. Na hapo watu wa ng'ombe wakahesabu tena kama watu wa ng'ombe. Mwezi wa tisa ukafika, Nakiete akatandika majani makavu zizini. Mwezi wa tisa ukaisha. Mwezi wa kumi ukaingia, ukakatika katikati. Tumbo lilikuwa kubwa, lakini nani asiyejua tumbo la Subutu?

"Anajijaza pumzi," walisema majirani. "Kawadanganya mwaka mzima!"

Walimcheka Kallaghe njiani. "Shemeji, ulitembea siku kumi na mbili kumpeleka farasi kutalii?" Kallaghe aliinamisha kichwa. Naye Nakiete, ambaye hakutaka kuamini, akaanza kuamini. Siku moja alimpakia Subutu vikapu vinne kama zamani. Subutu akalala chini. Akaondoa kimoja, bado amelala. Akaviondoa vyote, ndipo akasimama, akamtazama Nakiete kwa namna ambayo Nakiete hakuisahau.

Alituma ujumbe kwa Mzee Mchome: mnyama wako ametuhadaa. Jibu lililokuja lilikuwa mzee mwenyewe, amepanda mlima jioni ya siku ya nne ya maji, jasho linamtiririka, anafoka tangu getini.

"Miezi tisa ni ng'ombe! Ni ng'ombe, na wewe, mwanangu! Farasi ni kumi na mmoja!"

"Mbona hukutuambia, baba?"

"Nilidhani kila mtu anajua," akasema kwa sauti ndogo. Kwani mtu aliyekaa na jambo moja miaka arobaini husahau kwamba aliwahi kutolijua. Akalaza sikio ubavuni, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. "Yumo. Na hakai vizuri. Ni wiki hii."

*

Asubuhi ilikuwa ya ukungu. Nakiete alikwenda zizini na kibuyu cha maji, akakuta komeo limefunguliwa.

Ilikuwa siku ya tano.

Aliita kwa sauti iliyowaamsha wote wawili, maana Kallaghe naye alilala pale. Wakamkuta Subutu mferejini, mahali mfereji unapopita katikati ya kuta mbili za mawe, pembamba kama kaburi. Hakuwa amesimama kungoja maji kupoza kwato. Alikuwa amelala ubavu, amelowa jasho, na ukwato mmoja mdogo, mmoja tu, ulikuwa umetokeza. Na juu, kwenye ndiva, Mama Niendiwe, mlinzi wa maji, alikuwa ameshang'oa kizibo kwa ajili ya zamu ya Nakiete, kisha akaenda zake mazishini kwenye mlima wa pili. Maji yalikuwa njiani.

Sikilizeni vizuri hapa, maana kesi yote imo humu.

Kallaghe alisikia maji kabla hayajaonekana, mbali, yakisugua majani makavu. Sheria ya ndiva ni moja na kila mtoto anaijua: kizibo kinaguswa na mlinzi tu. Atakayekigusa mwingine, kwa sababu yoyote ile, anapoteza zamu zake za msimu mzima. Kwa sababu yoyote, kwani zamani sababu ziliporuhusiwa kila mtu alikuwa nayo. Kallaghe alikuwa ndio kwanza amepanda tangawizi. Alipanda mlima mbio, akakutana na kichwa cha maji katikati ya njia, akakipita, akafika bwawani, akajitosa hadi kifuani, akarudisha gogo la kizibo na kulikandika kwa udongo kwa mikono yake. Maji yaliyokwisha kutoka yalifika, yakamlowesha Subutu hadi ubavuni, yakasimama hapo. Kama gogo lingechelewa kidogo, tusingekuwa na hadithi.

Mzee Mchome alisikia kilichokuwa ndani. Mguu wa pili wa mtoto ulikuwa umekunjwa nyuma, na kichwa kimegeuka. Mikono yake ilikuwa imevimba kwa baridi yabisi, na daktari wa tambarare alikuwa amemwambia asishike tena kazi ya nguvu. Akaivua saa, akapaka mafuta ya kupikia, akaingiza mkono. Mara mbili Subutu alibana na mara mbili mzee alilia kwa sauti kama mtoto, lakini hakuutoa mkono. Akamsukuma mtoto nyuma, akautafuta ule mguu, akaunyoosha, akakigeuza kichwa. Mkono ule haujakunja ngumi tangu siku hiyo.

Nakiete alikaa. Alishuka ndani ya mfereji, akaketi katika tope, akakipakata kichwa cha Subutu mapajani. Farasi mwenye uchungu, katikati ya kuta mbili, angeinuka tu kwa hofu angemponda mzee dhidi ya mawe na kumuua mtoto. Na alitaka kuinuka. Nakiete alimwambia habari za sokoni. Alimwambia bei ya tangawizi, na nani kaolewa, na nani kamsengenya nani, kwa sauti ile ile waliyozoea wakipanda mlima. Mara moja Subutu alijirusha, na goti lake likatua juu ya mguu wa Nakiete, mguu wake mzima, likavunja vidole viwili. Nakiete akaendelea na habari pale alipoishia. Subutu akalaza kichwa tena.

Mtoto akatoka. Alikuwa jike, mweusi kama baba yake, masikio yamelala kwa maji. Alipiga chafya. Mzee akacheka, na Nakiete akacheka, na kutoka juu ya mlima walimsikia Kallaghe akiuliza kwa sauti, "Vipi huko?" na wakamjibu pamoja, na milima ikarudia.

*

Lakini Mzee Mchome alipolaza sikio ubavuni mwa Subutu wiki iliyofuata, alikaa muda mrefu kuliko kawaida. "Ataishi," alisema. "Majani atakula, na kiburi chake anacho. Ila mzigo asibebeshwe tena. Na hatazaa tena."

Hapo ndipo wote watatu walipokumbuka ule mkono waliopeana jikoni. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Na huyu alikuwa wa kwanza na wa mwisho.

Miezi sita mtoto alinyonya. Mwezi wa sita ulipokwisha, ulikuwa wakati wa kumfunga kamba ya kwanza, na kamba lazima iwe na mtu upande wa pili. Wakamwomba Mama Niendiwe aamue. Walimchagua kwa sababu moja: aliporudi kutoka mazishini na kuambiwa, alilia kwa kufurahi, akamkumbatia Kallaghe, mume wa marehemu dada yake, kisha akamnyima maji msimu mzima. Tangawizi ya Kallaghe ilikauka yote.

"Mimi nalinda maji, jamani, si farasi," alisema.

"Ndiyo maana," alijibu Mzee Mchome.

Kijiji kilikusanyika kwenye malisho nyuma ya nyumba ya Nakiete, na kila mtu alikuja na ufumbuzi wake. Mmoja akasema mtoto azunguke, miezi minne kwa kila mtu. Mzee Mchome akatikisa kichwa: "Mnyama wa watu watatu hulala na njaa, kila mmoja anadhani mwenzake kalisha." Mwingine akasema mama mtu ndiye achague. Jambo hilo likapendeza. Wakawasimamisha watatu mbalimbali, Mzee na chumvi mkononi, Kallaghe na muwa, Nakiete na karoti, wakamfungulia Subutu. Subutu akaenda kwa mzee akalamba chumvi yote. Akaenda kwa Kallaghe akautafuna muwa hadi kishina. Akaenda kwa Nakiete akala karoti. Kisha akatembea hadi katikati ya uwanja, akawageuzia wote makalio, akasimama hivyo.

"Amehukumu!" mtu alipiga kelele, na watu wakacheka hadi machozi.

Mama Niendiwe alipopata utulivu akasema, "Basi semeni wenyewe. Kila mtu na haki yake."

Nakiete alikuwa ameketi, mguu mmoja umenyauka na mwingine umepona lakini si kama zamani. Alimtazama yule mtoto mweusi akirukaruka, na alijua kile ambacho kila mtu pale alikijua: kwamba juu ya mlima kuna shamba ambalo tangu siku ile hajalifikia, na magugu hayana subira. Alijua pia kwamba akifungua mdomo tu na kusema *mguu wangu*, kesi itakwisha. Aliona nyuso za watu tayari zimelainika.

Mzee Mchome ndiye aliyeanza. "Makubaliano yalisema wa kwanza ni wangu. Lakini tulikubaliana tukidhani watakuwa watatu. Msinipe kwa sababu ya ule mkono tuliopeana. Kama ni kunipa, mnipe kwa sababu nyingine. Nimechunga farasi za watu miaka arobaini, sijawahi kuwa na wangu niliyemfundisha kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkono huu mmoja bado unaweza kufundisha. Huu ujuzi ukifa na mimi, farasi mwenyewe atakuwapo, lakini hatakuwapo wa kumsikia."

Kallaghe akasimama. "Na mimi msinipe kwa ajili ya tangawizi yangu. Sikufunga maji ili nilipwe. Nilifunga kwa kuwa mnyama alikuwa anakufa, na mkinilipa mtageuza tendo lile kuwa biashara, na litaniuma. Lakini mtoto huyu miguu yangu ndiyo iliyomleta duniani. Wazee wangapi humu wanabeba mizigo vichwani hadi barabarani? Nikiwa naye, atabeba ya kijiji kizima, na ya dada Nakiete itakuwa ya kwanza."

Ikabaki zamu ya Nakiete. Alishika fimbo yake, akainuka taratibu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Ndugu zangu, mkinipa kwa huruma, nitamkataa. Nasema mbele yenu. Miaka kumi na mmoja nilitazamwa kama mtu mwenye farasi. Sitaki kurudi kutazamwa kama mtu mwenye mguu. Nikipewa, nipewe kwa sababu Subutu asingelala kwenye mapaja ya mtu mwingine yeyote, na mapaja hayo niliyajenga siku baada ya siku. Vinginevyo mpeni mwenzangu, na siku atakapopandwa mara ya kwanza nitampigia vigelegele."

Akaketi. Hata majirani walikosa utani. Yule mtoto alikuwa amechoka kuruka, akaja akasimama kivulini mwa mama yake, katikati ya wale watatu, umbali ule ule kwa kila mmoja.

Mama Niendiwe akashika kichwa. "Nyinyi watu! Mmeninyang'anya magongo yote matatu, halafu mnaniambia tembea!" Akaitazama kamba mpya ya katani iliyolala mapajani mwake. "Haya. Nipeni muda wa sufuria moja ya chai. Ikichemka nitasema."

Sufuria ikatengwa jikoni. Kuni zilikuwa kavu.

Na hapo ndipo hadithi ilipofika, wasikilizaji. Maji yameanza kuimba, majani ya chai yameshatiwa, na mama wa watu bado ameshika kichwa. Mwondoleeni mzigo. Yule aliyemlea Subutu kwa chupa na kumgeuza mtoto tumboni. Yule aliyetembea siku kumi na mbili na kuziba maji. Au yule aliyekaa. Msitaje mkono uliopeanwa, msitaje tangawizi iliyokauka, msitaje mguu, maana wenyewe wamekataa. Fikirini kwa kilichobaki.

Wewe uliyeketi hapo, kamba sasa iko mapajani mwako. Je, utamkabidhi nani? Na ukishamkabidhi, ukawageukia wale wawili, utawaambia nini wakakusikia na kukubali?